Kutoka Kasongo Hadi kwa Bwana Msa: Historia ya Mpelelezi wa Kujitegemea katika Kiswahili

Riwaya ya mpelelezi wa kujitegemea husimulia kosa la jinai, mara nyingi mauaji, ambalo siri yake hufumbuliwa na mtu asiye askari wala hakimu. Mtu huyo hana cheo, hana mamlaka ya kumkamata yeyote, wala hapokei mshahara wa serikali. Silaha yake ni macho, masikio, subira na kuyajua vizuri mambo ambayo watu huyaficha ndani ya nyumba zao. Katika Kiswahili aina hii ya riwaya ilijipatia msingi mwaka 1960, pale East African Literature Bureau ilipochapisha *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Lakini dunia anayoichunguza mpelelezi wa kitabu hicho na vilivyokifuata, dunia ya mashamba makubwa, urithi, nasaba zenye mashaka na watoto waliofichwa, haikuzuka mwaka huo. Sehemu kubwa ya mali na machungu yake ilitoka bara, na njia kuu iliyoileta pwani ilianzia Maniema, mashariki mwa Kongo, katika miji ya Kasongo, Nyangwe na Kabambare.

Katika karne ya 19 Kasongo ilikuwa karibu na mwisho wa safari ndefu. Misafara iliyotoka Unguja ilivuka hadi Bagamoyo, ikapanda Unyanyembe, ikashuka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, kisha ikashika njia ya Kabambare kuelekea mto Lualaba. Wafanyabiashara wa pwani walitangulia kukaa Nyangwe, kando ya mto, na ni sokoni pale ambapo David Livingstone alishuhudia umati wa watu, wengi wao wanawake, ukipigwa risasi tarehe 15 Julai 1871. Miaka michache baadaye Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo makao yake. Mji ukakua: mashamba ya mpunga, miembe na mipera, misikiti, nyumba za ua mpana, na maghala ya pembe za ndovu zilizongoja wapagazi. Wenyeji waliojiunga na maisha hayo, kwa hiari au kwa kulazimishwa, waliitwa waungwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Mpaka leo Kiswahili cha Kasongo na Kabambare ndicho kilicho karibu zaidi na cha pwani katika Kongo nzima, na Uislamu una mizizi huko kuliko karibu kila mahali pengine nchini humo.

Tippu Tip aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, na maandishi hayo yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Ndani yake mna tukio ambalo mwandishi yeyote wa riwaya za upelelezi angelitamani. Katika safari zake za magharibi mwa Lualaba, Tippu Tip alisikia kutoka kwa mateka habari za mabinti wa ukoo wa kitawala waliochukuliwa zamani katika vita na kupelekwa mbali. Aliposikia majina, akayahifadhi. Kisha alipofika kwa mtawala mzee wa Utetera, Kasongo Rushie (ambaye si mji wa Kasongo, ingawa jina linafanana), alijitambulisha kuwa mjukuu wa mmoja wa mabinti hao, damu iliyopotea na sasa imerejea nyumbani. Mzee akaamini. Akamkabidhi utawala, na pembe zikaanza kuletwa kwake kama haki ya mfalme. Tippu Tip anayasimulia hayo bila kujificha, kama mtu anayeeleza biashara iliyofaulu. Ni kisa cha nasaba ya kughushi kinachosimuliwa na aliyeighushi, na katika kisa chote hakuna hata mtu mmoja anayesimama kuuliza swali la pili. Nafasi hiyo, ya mtu wa kuuliza swali la pili, ilibaki wazi katika nathari ya Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne.

Tippu Tip aliondoka Maniema mwaka 1890 na hakurudi tena. Alimwachia mwanawe Sefu madaraka, na chini ya miaka 3 kila kitu kilivunjika. Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji na wakuu wa Kiarabu waligombea mto, pembe na watu. Mwishoni mwa 1892 Wabelgiji wawili waliokuwa wawakilishi wa dola hiyo mjini Kasongo, Lippens na De Bruyne, waliuawa. Kamanda wa dola hiyo, Francis Dhanis, akasonga mbele na jeshi lake, askari wake wengi wakiwa Waafrika, akisaidiwa na Ngongo Lutete ambaye hapo awali alikuwa mtu wa Tippu Tip. Nyangwe ilitekwa tarehe 4 Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili. Daktari Mwingereza aliyekuwa katika jeshi hilo, Sidney Hinde, aliandika baadaye jinsi askari walivyostaajabia utajiri na starehe walizozikuta Kasongo. Januari 1894 Kabambare nayo ikaanguka, na vita vikawa vimekwisha kwa upande wa kusini.

Katikati ya vurugu hizo kulikuwa na mauaji yaliyosubiri kufumbuliwa. Mwanzoni mwa Oktoba 1892 Emin Pasha alikuwa bado anasafiri magharibi kuelekea Lualaba. Huyu alikuwa Eduard Schnitzer, daktari aliyezaliwa Silesia mwaka 1840, gavana wa zamani wa jimbo la Ikweta huko Sudan, mkusanyaji hodari wa ndege na mimea, ambaye uoni wake ulikuwa umedhoofika sana. Kabla ya mwezi huo kwisha aliuawa kijijini kwa Kinena. Habari zilifika pwani na Ulaya vipande vipande, zikipingana. Wengine walidai yu hai. Wengine walidai ameuawa vitani. Mwili haukuonekana.

Aliyekusanya vipande hivyo alikuwa Mmarekani, R. Dorsey Mohun, wakala wa biashara wa serikali ya nchi yake katika Dola Huru ya Kongo, ambaye alijikuta akishiriki vita vya Maniema. Mohun hakuwa askari polisi, na kazi ya kuchunguza kifo cha Emin haikuwa yake. Mwaka 1894, katika eneo la Kasongo lililokuwa limeshatekwa, walipatikana watu wawili, Ismailia na Mamba, ambao walihojiwa na kukiri kwamba walikuwapo na walishiriki. Maelezo yao yalikuwa na mpangilio wa kutisha. Emin aliletewa kwanza barua ya kumhakikishia usalama wa njia. Akashawishiwa awaruhusu askari wake waende migombani kutafuta chakula, na bunduki zao zikabaki kambini. Akabaki mezani pake, kati ya karatasi na ndege wake waliokaushwa. Ndipo alipokamatwa mikono, akaonyeshwa barua ya pili, iliyotoka kwa Kibonge, mkuu wa Kiarabu wa Kirundu, yenye amri ya kumuua. Emin alisema kwamba ana barua ya usalama. Akajibiwa asome hii mpya. Ismailia na Mamba walinyongwa.

Mohun aliandika habari hiyo katika jarida la *The Century* la Marekani, Februari 1895, na wasomaji wa mbali wakaipokea kama kisa kilichofungwa: barua mbili, mwathiriwa asiye na silaha, wauaji wawili waliokiri, mtoa amri aliyetajwa jina. Kwa msomaji wa leo kisa hakijafungwa hivyo. Maungamo yalitolewa mbele ya jeshi lililoshinda, katika mji uliotekwa, bila wakili na bila mtu wa upande wa washtakiwa kuulizwa. Watu wale wale wa dola waliokuwa wakitafuta haki ya Emin walimuua Ngongo Lutete, mshirika wao mwenyewe, Septemba 1893, kwa shutuma za uhaini ambazo hazikusimama. Na hasira ya askari wa Ngongo ilichangia maasi ya jeshi la dola huko Luluabourg mwaka 1895. Kibonge alikamatwa na kuuawa tarehe 1 Januari 1895. Barua zilizokutwa zikimhusisha na Charles Stokes, mfanyabiashara wa Kiairishi aliyekuwa zamani mmisionari, zilimfanya afisa Hubert Lothaire amkamate Stokes na kumnyonga siku chache baadaye, tarehe 15 Januari, baada ya kesi ya usiku mmoja. Lothaire aliachiliwa na mahakama za Boma na Brussels. Barua iliyofumbua mauaji ya mtu mmoja ikafuatwa na barua iliyotumika kumwua mwingine. Hilo ndilo tatizo ambalo riwaya ya upelelezi hulijibu kwa njia yake: ushahidi hauna thamani mpaka apatikane mtu huru wa kuusoma.

Mwaka huohuo Kasongo ilipotekwa, wasomaji wa London walipata msiba wa aina yao. Desemba 1893 Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes katika jarida la *The Strand*, akimtumbukiza katika maporomoko ya Reichenbach nchini Uswisi. Holmes alikuwa ameanza mwaka 1887, na kwa miaka 2 tangu 1891 hadithi zake fupi zilikuwa zimeifanya *The Strand* inunuliwe kwa wingi. Wasomaji kwa maelfu walifuta usajili wao, wakamwandikia mwandishi barua za hasira. Hawakulalamika kwamba hadithi ilikuwa mbaya. Walilalamika kwamba mtu wao amechukuliwa. Doyle alishikilia msimamo karibu miaka 10 kabla ya kumfufua Holmes mwaka 1903. Hakuna ushahidi ulio wazi zaidi kuliko huo juu ya nguvu ya mpelelezi wa kujitegemea kwa wasomaji: huwa jamaa yao, na kifo chake huwa chao.

Doyle mwenyewe aliifikia Kongo kwa kalamu. Mwaka 1909 alichapisha *The Crime of the Congo*, kitabu cha hasira na vithibitisho juu ya ukatili wa utawala wa Leopold, akitumia ripoti za mabalozi na wamisionari na kushirikiana na E. D. Morel aliyekuwa akiongoza harakati za mageuzi tangu 1904. Ubelgiji ilikuwa imeshaichukua nchi kutoka kwa mfalme mwezi Novemba 1908, na Doyle hakuridhika kwamba mabadiliko ya jina yangeleta mabadiliko ya matendo. Muundo wa kitabu hicho ni wa mwandishi wa hadithi za upelelezi: kwanza kosa, kisha mashahidi, kisha nani alinufaika. Hakina Holmes ndani yake, lakini kina ile imani ya Holmes kwamba ukweli uliotawanyika unaweza kukusanywa na mtu asiye na cheo, akauweka mezani mbele ya umma.

Mali ya Maniema ilikuwa imeshafika Unguja muda mrefu kabla ya hapo, na kugeuka mikarafuu. Tippu Tip alirejea kisiwani akiwa tajiri. Taarifa za mwaka 1895 zilimtaja kuwa na mashamba 7 na watumwa wapatao 10,000. Alifariki mjini Unguja Juni 1905. Hali ya kisheria ya utumwa ilikuwa imefutwa kisiwani mwaka 1897, lakini mashamba yalibaki, na mabwana wao pia, na ndani ya familia kukabaki maswali ambayo hayakuandikwa katika daftari lolote: nani alizaliwa na suria, nani alitambuliwa na nani hakutambuliwa, nani aliondolewa katika urithi na kwa hila gani. Mohun naye alifika Unguja, safari hii kama balozi wa Marekani, mwaka 1895, na alikuwapo wakati Waingereza walipolipiga kasri la sultani kwa mizinga mwaka 1896.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, tarehe 25 Aprili 1918. Alimaliza masomo mwaka 1938 akaingia Idara ya Afya ya Umma kama mkaguzi. Kazi ya mkaguzi wa afya ni kuingia nyumba za watu, kuangalia kilicho nyuma ya mlango, kuona kisichotakiwa kuonekana. Hakuna shule iliyo bora zaidi kwa mwandishi wa riwaya za upelelezi. Miaka 10 baadaye alikuwa mhariri wa gazeti la *Zanzibari*, akafanya kazi pia katika *Al Falaq*, *Al Mahda* na *Afrika Kwetu*, na mwaka 1958 akashika uhariri wa *Mkulima*, jarida la kilimo, mpaka alipostaafu mwaka 1968. Katika mashindano ya kuandika hadithi ya Kiswahili ya 1957 na 1958, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, muswada wake ulishika nafasi ya kwanza. Miaka hiyohiyo, 1958 na 1959, maisha ya Tippu Tip yalitolewa upya pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, na East African Literature Bureau ikayachapisha kama kitabu mwaka 1966. Kwa hiyo shirika moja, ndani ya muongo mmoja, lilimletea msomaji wa Afrika Mashariki sauti ya mtu wa Kasongo aliyeghushi nasaba, na mpelelezi wa Unguja ambaye kazi yake ni kuzifumbua nasaba za namna hiyo. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini ndivyo vitabu hivyo vilivyokaa kwenye rafu.

Mpelelezi huyo ni Bwana Msa. Anavuta kiko, anazungumza kwa utulivu, anatazama zaidi kuliko anavyosema. Rafiki yake Najum huandamana naye na kuuliza yale ambayo msomaji angependa kuuliza, kama Watson anavyomuuliza Holmes. Inspekta Seif wa polisi ni mwaminifu lakini mwepesi wa kushika mtu wa kwanza anayeonekana kuwa na hatia. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* tajiri mwenye mashamba anakutwa amekufa penye mzimu ambao wanakijiji wanauogopa na kuutolea sadaka. Jibu la haraka la kila mtu ni kwamba wazee wa kale wamekasirika. Bwana Msa haudharau mzimu wala hawacheki wanaouamini. Anauliza tu ni nani angefaidika kama watu wote wataendelea kuamini hivyo. Msomaji wa Kiswahili alikuwa amezoea hekaya na visa vya majini, mahali ambapo siri hufumbuliwa kwa uganga au kwa kudura. Hapa siri inafumbuliwa kwa kuhesabu saa, kukumbuka nani alisema nini na kuuliza swali moja mara mbili.

Vitabu vilivyofuata vilikwenda mbali zaidi ndani ya nyumba za watu: *Kisima cha Giningi* (1968), ambacho jina lake linaibua imani za uchawi za visiwani, kisha *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975), *Mwana wa Yungi Hulewa* (1976), na hatimaye *Kosa la Bwana Msa* (1984). Kadiri mfululizo ulivyoendelea, mauaji yalipungua uzito na siri za uzazi na ukoo zikaongezeka. Ufundi wa Abdulla ulikomaa hapo. Msuko wake wakati mwingine hutegemea sana bahati ya watu kukutana, na hilo ni kasoro ya kweli. Lakini aliona mapema kwamba katika jamii ya mashamba kosa kubwa zaidi mara nyingi halikuwa kisu bali karatasi, jina, na kimya cha wazee.

Wasomaji walimpokea vizuri. Vitabu vya Bwana Msa viliingia mashuleni, vikapita mkono kwa mkono, na kizazi kizima cha Tanzania na Kenya kilijifunza kupenda kusoma riwaya ndefu kwa Kiswahili kupitia yeye. Lugha ilikuwa sehemu ya mvuto: Kiunguja chenye methali, mzaha na adabu za mazungumzo, ambacho msomaji wa bara alikisoma kama burudani na darasa kwa pamoja. Mvuto mwingine ulikuwa mchezo wenyewe. Riwaya ya upelelezi humpa msomaji ushahidi ule ule alio nao mpelelezi, ikamwachia ashindane naye, na anayeshindwa hurudi kurasa za nyuma kutafuta alipopitwa. Usomaji wa namna hii, wa kurudi nyuma na kupima tena, haukuwa mwingi katika hadithi za Kiswahili zilizotangulia.

Wahakiki walikuwa wagumu zaidi. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalikuwa yamewaondoa mabwana wa mashamba, na Azimio la Arusha la 1967 likaitaka fasihi iseme juu ya ujenzi wa taifa. Katika hali hiyo mpelelezi anayevuta kiko na kuzunguka nyumba za matajiri alionekana mabaki ya dunia iliyopita, tena aliyeigwa kutoka Uingereza. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikajengeka tofauti kati ya fasihi ya dhati na fasihi pendwa, na riwaya za upelelezi zikawekwa katika kundi la pili. Mwaka 1981 Rajmund Ohly alichapisha utafiti mrefu juu ya nathari hiyo ya miaka ya 1970, ukatili wake, kasi yake na wasomaji wake wa mijini. Lawama ya kuiga ina ukweli, kwa maana sura ya Holmes inaonekana. Lakini inapuuza kilichobadilishwa. Holmes husoma majivu ya tumbaku na matope ya viatu. Bwana Msa husoma salamu, mavazi, ndoa na majina. Anayejua alivyojitambulisha Tippu Tip mbele ya Kasongo Rushie ataona mara moja kwamba maarifa ya namna hiyo yalihitajika hapa kuliko maarifa ya majivu.

Waandishi waliofuata walimweka mpelelezi wao mahali pengine. Faraji Katalambulla alitoa *Simu ya Kifo* mwaka 1965, na ndani yake upelelezi ni kazi ya polisi wa mjini. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika *Kufa na Kupona* (1974), jasusi wa serikali anayeilinda Afrika dhidi ya ubeberu na makaburu. Katika *Kikosi cha Kisasi* (1979) Willy Gamba anapelekwa Kinshasa, na hapo Kongo, wakati huo Zaire, inakuwa uwanja wa riwaya ya Kiswahili ya kusisimua. Lakini ni Kongo ya jiji kuu na hoteli, inayotazamwa kutoka Dar es Salaam, si Kongo ya Mashariki inayozungumza lugha ile ile ambayo kitabu kimeandikwa. Wasomaji vijana walimpenda Gamba kwa ujasiri na mavazi yake, na wahakiki wakamlinganisha na James Bond na vitabu vya James Hadley Chase vilivyokuwa vikiuzwa kila kona ya barabara.

Aliyemrudisha mpelelezi wa kujitegemea alikuwa Ben Mtobwa, aliyezaliwa mkoani Kigoma mwaka 1958. Kigoma imekaa ubavuni mwa Ujiji, pale ambapo misafara ya kwenda Kabambare na Kasongo ilikuwa ikipanda mashua. Joram Kiango, shujaa wake, hana bosi. Polisi, kupitia Inspekta Kombora, humtafuta pale njia zao zinapofika mwisho, na yeye huitikia kwa masharti yake. Katika *Lazima Ufe Joram*, *Salamu Kutoka Kuzimu*, *Najisikia Kuua Tena* na *Tutarudi na Roho Zetu?* mashamba ya karafuu yametoweka. Badala yake kuna jiji, ndege, bastola na njama zinazovuka mipaka ya nchi. Utulivu wa Bwana Msa umepotea, kasi imeingia. Mtobwa alikuwa pia mchapishaji, akaanzisha Heko, na alifahamu kwa karibu msomaji anayenunua kitabu kwa akiba yake mwenyewe bila kulazimishwa na shule. Alifariki mwaka 2008. Abdulla alikuwa amefariki mwaka 1991.

Msomaji wa Kasongo anasimama mahali pa pekee mbele ya vitabu hivi. Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa zinazotajwa katika Katiba ya Kongo ya 2006, na ndicho kinachozungumzwa nyumbani, sokoni na msikitini kote kusini mwa Maniema. Anayefungua *Mzimu wa Watu wa Kale* huko hakutani na dunia ngeni: kanzu na kofia, shamba na mrithi, salamu ndefu kabla ya neno lenyewe, hofu ya mahali pa wazee wa kale, na imani ya Kiislamu inayoishi kando ya hofu hiyo. Hata hivyo shule humfundisha mtoto kwa lugha ya nyumbani katika madarasa ya mwanzo tu, kisha humhamishia katika Kifaransa. Kwa sababu hiyo mpelelezi ambaye msomi wa Kongo hukutana naye kwanza darasani ni wa Kifaransa, kama Maigret wa Georges Simenon, Mbelgiji aliyeitembelea Kongo mwaka 1932 na kuandika makala kali juu ya aliyoyaona. Vitabu vya Kiswahili vilichapishwa Nairobi, Dar es Salaam na London, kwa ajili ya shule za upande wa pili wa ziwa. Huu ni upungufu wa mfumo wa vitabu, si wa lugha, kwani lugha ilivuka ziwa karne moja kabla ya vitabu hivyo.

Uhakiki umeanza kuziba pengo hilo kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 2006 Xavier Garnier alichapisha jijini Paris, kwa Kifaransa, utafiti mpana juu ya riwaya ya Kiswahili. Ndani yake riwaya za upelelezi na za kusisimua hazikuachwa nje kwa kuitwa pendwa. Zilisomwa pamoja na kazi za Shaaban Robert na Euphrase Kezilahabi kama sehemu ya historia moja. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 2013. Mwanafunzi wa Kasongo aliyefika chuo kikuu sasa anaweza kusoma juu ya Bwana Msa kwa lugha aliyofundishiwa, kisha akamsoma Bwana Msa mwenyewe kwa lugha aliyozaliwa nayo.